Nimesubiri mwaka mmoja na nusu kupata mtoto wa mbwa hapa Mtwara. Uzi kwa anayetaka kununua kwa mfugaji wa nyumbani

Mwana wa Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huyu ninayemwandikia uzi amelala hapa barazani kwangu, Chuno, kajikunja juu ya kipande cha kitenge alichokuja nacho kutoka kwao. Ana wiki nane na siku tatu. Kitenge hicho hatujakifua kwa makusudi. Kina harufu ya mama yake, na usiku wa kwanza ndicho kilichomnyamazisha.

Kabla yake nilimzika mwenzake nyuma ya banda la kuku. Ndiyo maana naandika kwa urefu, mnivumilie.

Oktoba 2023 korosho zilikuwa zimeanza kushuka. Nina kistoo nyumbani tunapoweka magunia ya shamba la familia la Nanyamba kabla hayajapelekwa chama cha msingi, na mtaani wezi walishaanza kupita. Nikaona picha ya mtoto wa German Shepherd kwenye simu, muuzaji yuko Dar. Akanitumia picha ya kadi ya chanjo, nikatuma hela, kesho yake jioni nikaenda kumpokea stendi. Alikuja na basi, ndani ya boksi la biskuti lililotobolewa matundu manne. Zaidi ya kilomita 550, mtoto wa mbwa, peke yake, bila maji.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa wakati ule. Akamwita Chuma.

Siku ya nne Chuma alikataa maziwa. Jioni akaanza kutapika povu la njano, usiku akaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Daktari wa mifugo alikuja akamtundikia dripu. Alimfungua Chuma mdomo akaniambia, "Huyu hajafika hata wiki sita, meno ya nyuma hayajamaliza kutoka." Mimi nilikuwa nimeambiwa wiki nane. Alikufa alfajiri ya siku ya sita, na binti yangu ndiye aliyemkuta.

Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu hukaa mwilini siku tatu hadi saba kabla ya dalili kutoka, kwa hiyo karibu hakika alikuja nao kutoka kwao au aliuokota njiani. Ile kadi niliyotumiwa haikuwa na stika hata moja ya kichupa cha chanjo, ni maandishi ya kalamu tu. Ningejua pa kuangalia ningeliona hilo kabla sijatuma senti.

Daktari huyohuyo ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja wa Shangani, mstaafu, anayefuga jike mmoja tu. Nikaenda Desemba, hela mfukoni. Watoto walikuwa na wiki tano. Sikuwaona. Alinikalisha barazani, akaniletea chai na korosho za kukaanga, akafungua daftari la kaunta akaanza kuniuliza. Mbwa atalala wapi? Mchana nani yupo nyumbani? Ua una ukuta au michongoma? Nitamfunga mnyororo? Nimewahi kufuga? Aliyepita alikufa kwa nini?

Nikamwambia ukweli. Akafunga daftari.

"Mwanangu," akasema, "siwezi kumpeleka mtoto wangu kwenye udongo ule. Atakufa kama mwenzake, na safari hii itakuwa mimi na wewe tumejua."

Nilitoka pale nimekasirika, nakiri. Nilidhani mwenye hela ndiye anayechagua. Lakini alinifuata hadi getini akanieleza la kufanya, na niliporudi kwa daktari akanithibitishia yote. Virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kwa miezi mingi, hata mwaka na kuzidi. Sakafu ya saruji unaisugua kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, maana jiki haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha unachanganya jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, unamwaga, unaacha dakika kumi ndipo unasuuza. Boksi, matambara na bakuli la plastiki, vyote motoni. Udongo hauoshwi kwa jiki ukasafika. Unaufungulia jua, unakata matawi yanayoufunika, unasubiri. Nikakata matawi ya mwembe upande wote wa banda. Nikasubiri masika yapite, kiangazi kipite, na masika mengine.

Aliniandika kwenye daftari lake. Jina, mtaa, na neno moja pembeni: parvo.

Desemba 2024 akanipigia kwamba jike amepandishwa. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na kweli tarehe 14 Februari akazaa saba.

Sasa hapa ndipo ningependa msome polepole.

Wiki tatu za kwanza hakuruhusu mgeni hata mmoja. Tulipokwenda mimi na binti, wiki ya nne, tulivua viatu nje ya geti na kukanyaga beseni la maji ya jiki kabla ya kuingia. Watoto hawakuwa bandani nyuma ya nyumba. Walikuwa pembeni ya baraza lake, kwenye uzio wa mbao, wanasikia redio, adhana, bodaboda, sufuria ikidondoka jikoni. Alinieleza kwamba mtoto wa mbwa anaizoea dunia hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Asichokutana nacho wakati huo anaweza kukiogopa maisha yake yote, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata ovyo. Kila mmoja alikuwa na ukanda wa kitenge shingoni wa rangi yake, ili asiwachanganye.

Akanipa daftari nisome mwenyewe. Kila mtoto ana ukurasa wake. Wiki mbili za mwanzo aliwapima uzito asubuhi na jioni kwa mizani ya jikoni, maana mtoto asiyeongezeka ndiye wa kwanza kufa, na usipopima hujui mpaka umechelewa. Ameandika nani alinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, saa ngapi usiku ule wa kuzaliwa. Ameandika siku macho yalipofunguka, ya kumi na mbili kwa wengi wao. Dawa ya minyoo wiki ya pili, ya nne, na nafasi tupu za wiki ya sita na ya nane. Nilidhani minyoo wanaiokota chini wakishaanza kutembea, kumbe jike mwenyewe huwaambukiza tangu wakiwa tumboni na kwenye maziwa.

Ukurasa wa ukanda mweupe ulikuwa na mistari minne tu. Alikufa siku ya pili. Mama hakuuchana ukurasa ule na hakuuruka aliponionesha. Alisema, "Huyu alizaliwa mdogo, nilimlisha kwa bomba la sindano usiku kucha, hakuweza." Mtu aliyeniuzia Chuma aliniambia mbwa wake hajawahi kupoteza mtoto.

Jike mwenyewe alikuja akatunusa, akarudi kulala. Chuchu zimevutwa, mwili umepungua kidogo kama mzazi yeyote, lakini macho maangavu na manyoya safi. Usinunue mahali ambapo mama haonekani, wakuu. Wakikwambia mama yuko shamba, au ni mkali sana leo, rudi siku nyingine. Wakirudia maneno yaleyale, usirudi tena. Dume hakuwa pale, ni wa mtu wa Mikindani. Alinipa maelekezo nikaenda kumwona mwenyewe, anatembea vizuri, nyonga hazilegei. German Shepherd wana ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, ndiyo sababu mama hakumpandisha jike wake mpaka alipopita miaka miwili, akaona kwanza amekuaje. Na hampandishi kila anapoingia joto.

Hela: 350,000. Hakuchukua chochote mpaka wiki ya sita, ndipo akapokea 50,000 za kumshika mtoto. Zilizobaki siku ya kuchukua. Tuliandikishana karatasi. Nikishindwa kumfuga namrudisha kwake, simpi mtu wala simwachi barabarani. Simpandishi kabla ya miaka miwili. Akiugua ndani ya siku 14 nampigia saa yoyote.

Na nilipoomba nimchukue wiki ya sita kwa sababu binti alikuwa likizo, alikataa. Alisema wiki hizo mbili za mwisho ndugu zake ndio wanaomfundisha kung'ata bila kuumiza. Ukimng'ata mwenzio kwa nguvu analia na mchezo unakwisha. Hakuna binadamu anayeweza kufundisha somo hilo vizuri kama wao.

Binti amemwita Kusi, kwa kuwa amekuja na upepo wa kusi. Ni jike, ukanda wa kijani. Karibuni kwa maswali.

---

Kusini Damu

Mkuu pole sana kwa Chuma, hasa kwa mtoto. Lakini laki tatu na nusu? Huku kwetu Tandahimba mbwa unapewa bure na shukrani juu, mwenye jike ndiye anayekuomba umsaidie kupunguza.

---

Msasi wa Liwale

Nitamuunga mkono Kusini Damu kidogo, ila kwa sababu nyingine.

Mimi nafuga mbwa wa kienyeji tangu nikiwa mdogo. Shambani wananifukuzia nguruwe pori na ngedere, na bila wao mahindi sivuni. Huku kwetu tunapakana na hifadhi, mbung'o wapo, wengine mwaita ndorobo. Nimeona mbwa wawili wa kizungu walioletwa na watumishi. Wote wawili macho yalianza kuwa na ukungu mweupe, wakakonda, homa inakuja na kuondoka, wakafa. Ni nagana ileile ya ng'ombe inayoletwa na mbung'o, mbwa nao wanaipata. Wa kwetu nao wanaugua, lakini wanastahimili zaidi. Kwa hiyo mtu wa Liwale, wa Tunduru, wa vijiji vya Nachingwea vya porini, kabla hujatafuta German Shepherd jiulize unaishi wapi.

Ila hili la mama wa Shangani limenigusa. Siku hizi nasi tunawatupa vitoto vya mbwa njia panda wakiwa na wiki nne. Babu yangu hakufanya hivyo. Alikuwa anamwangalia jike anavyosaka, ndipo anachagua dume, na mtoto hakutoka pale nyumbani mpaka aanze kula ugali mwenyewe, na huyo anayepewa anajulikana. Naona mama anafanya alichofanya babu, ila yeye anaandika.

---

Mwana wa Mikindani

Msasi, asante kwa hili la mbung'o, sikulijua. Ningekuwa naishi Liwale ningekuja kwako.

Kusini Damu, sikatai. Mbwa wa kienyeji aliyetunzwa ni mbwa kamili, na nilipomwambia mama kwamba rafiki yangu ana shamba kijijini, yeye mwenyewe alisema nimshauri achukue wa kienyeji. Ninalokuomba ni moja. Huyo wa bure naye akae na mama yake wiki nane, apewe dawa ya minyoo na chanjo. Chuma hakuuawa na aina yake.

---

Mama Kuku Masasi

Mimi nazalisha mbwa nyumbani hapa Masasi, majike wawili, kwa hiyo nijibu la bei.

Watu wanadhani watoto sita mara laki tatu ni utajiri. Jike anayenyonyesha anakula karibu mara tatu ya chakula chake cha kawaida. Mtoto mchanga hawezi kujipasha joto wiki ya kwanza, kwa hiyo mvua ikinyesha usiku silali, naangalia taa na matandiko. Dawa za minyoo mara nne kwa kila mmoja. Chanjo kwa kila mmoja. Mwaka juzi jike wangu alishindwa kuzaa, mtoto alikaa vibaya, nikakodi gari usiku kwenda kwa daktari. Nilipoteza watoto watatu na nusura nimpoteze mama yao. Mwaka huo sikubakiwa na kitu.

Halafu mtu anapiga simu saa nne usiku, hajasalimia, "bei ya mwisho?" Huyo simuuzii hata akitaja laki tano. Hajauliza mtoto ana umri gani, wala kama amechanjwa.

Mleta uzi, huyo mama simjui ila naomba umpe salamu zangu. Mimi nilikuwa sipimi uzito. Nitaanza.

---

Bwana Mifugo Lindi

Wakuu, nimesoma yote. Niongeze ya kitaalamu kwa lugha nyepesi maana kwenye chanjo watu wanapotea sana.

Kinga ya kwanza ya mtoto inatoka kwenye dang'a. Kinga hiyo inapungua taratibu, kwa mwingine inaisha wiki ya saba, kwa mwingine wiki ya kumi na nne, na hatuwezi kujua kwa kumtazama. Ikiwa bado ipo, inaizima chanjo. Ndiyo maana sindano moja haitoshi. Tunaanza kati ya wiki ya sita na ya nane, tunarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo watu wanaiacha. "Mbwa wangu alichanjwa akafa na parvo" nayasikia kila mwezi, na nikiuliza nakuta alichomwa mara moja tu, akiwa na wiki sita.

Chanjo hiyo inakinga parvo, distempa na mengine kadhaa. Distempa inaanza kama mafua, makamasi na macho kutoa tongotongo, baadaye mbwa anaanza kutetemeka na kuchezacheza taya. Nayo haina dawa ya kuiua.

Chanjo inakaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikitoka Dar na basi ndani ya mfuko wa rambo bila barafu, kwa joto letu hili, mnachoma maji. Muulize anayechanja alikuja nayo kwenye nini. Kichupa kina stika ya kubandua yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ibandikwe kwenye kadi, mchanjaji asaini na kugonga muhuri.

Kichaa cha mbwa ni chanjo ya peke yake, akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hii msifanye mchezo nayo, iwe mbwa wa laki tatu au wa bure. Lindi na Mtwara tulikuwemo kwenye mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa kusini-mashariki mwa nchi miaka ya 2010, mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji. Ugonjwa hurudi pale watu wanapoacha kuchanja. Akikung'ata mbwa yeyote, hata wa jirani unayemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishatoka kwa binadamu, hakuna tunachoweza kufanya. Mara nyingi halmashauri huchanja karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizeni ofisi ya kata.

---

Mgeni wa Mingoyo

Asalaam aleikum. Mleta uzi, kwa jina lako naona wewe ni wa Pwani kama mimi. Nataka mbwa kwa ajili ya mbuzi wangu ila nyumbani wananipinga, wanasema mbwa ni najisi na hela yake ni haramu. Wewe ulilimalizaje?

---

Mwana wa Mikindani

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nililiuliza kwa shehe wetu kabla sijakwenda Shangani, na nitakueleza nilivyoelezwa. Wewe nawe muulize wako.

Kufuga mbwa wa kulinda mifugo, wa kuwinda na wa shamba kumeruhusiwa kwenye hadithi, halina ubishi. Kuhusu hela, madhehebu yetu ya Shafi hayakubali kuuza mbwa, wakati wengine, kama Hanafi, wanaruhusu anayefaa kwa kazi. Shehe alinionesha njia ambayo wanazuoni wa Kishafi wenyewe wameitaja. Mwenye mbwa anaondoa mkono wake kwake, na mimi namfidia matunzo. Nilimweleza mama wa Shangani, yeye ni Mkristo. Hakucheka wala hakukasirika. Kwenye karatasi yetu akaandika kwa mkono wake "fidia ya chakula, chanjo na matunzo." Nilimheshimu zaidi siku ile.

Nyumbani Kusi ana bakuli lake, kibanda chake barazani, na haingii ndani. Chombo akikitia mdomo tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Binti ana kanga ya kuchezea naye na nguo nyingine ya kuswalia. Mke wangu aliyekuwa mgumu kuliko wote ndiye anayempikia sasa.

---

Kusini Damu

Anapikiwa nini? Nauliza kwa nia njema, nimeshaanza kushawishika.

---

Mwana wa Mikindani

Mama alitupatia mfuko wa chakula alichozoea cha wiki moja ili tusimbadilishie ghafla, akaharisha. Sasa ni ugali laini wa dona, dagaa wasio na chumvi waliochemshwa na kusagwa, yai mara mbili kwa wiki, mboga kidogo bila kitunguu. Milo minne kwa siku. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vijiti na kutoboa utumbo.

Mambo matatu ya kwetu huku ambayo hamtayakuta kwenye vitabu vya watu wa mbali:

Korosho ghafi. Mafuta ya ganda lake yanaunguza, mnajua wenyewe mikono ya wabanguaji. Mtoto wa mbwa anatafuna kila kitu. Kistoo changu sasa kina mlango wa chini.

Mahindi yenye ukungu. Tusiseme "haya ya mbwa" tukampa yale tuliyoyakataa sisi. Sumukuvu inaua ini la mbwa upesi kuliko letu.

Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Msimu wa kupulizia umekaribia. Siku ya kupuliza shambani asiwe karibu, vumbi lile linamwasha macho na kifua.

---

Bwana Mifugo Lindi

Naongeza la nne: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Watu wanaona kupe wanachovya mtoto wa mbwa kwenye maji ya josho. Nimepokea wengi wanatoka mate, wanayumba, wengine hawakuamka. Ivermektini ya ng'ombe nayo vilevile, dozi ya kukisia ni hatari, na baadhi ya German Shepherd wana hitilafu ya kurithi inayofanya dozi kubwa ya dawa hiyo iingie ubongoni. Njoo na mbwa apimwe uzito, upewe dawa ya umri wake. Kupe wachache waondoe kwa mkono na kibano. Angalia na nyayo, tekenya wanapenda mchanga wetu.

---

Mama Kuku Masasi

Na akija nyumbani asitembezwe ufukweni wala sokoni kabla hajamaliza chanjo. Ila msimfungie ndani kama mfungwa. Mbebeni.

---

Mwana wa Mikindani (mrejesho)

Wakuu, nimekawia, tulikuwa shambani.

Kusi ametimiza wiki 13. Chanjo ya pili na ya kichaa alipata wiki iliyopita, stika zote zipo kwenye kadi. Ya mwisho ni wiki ya 16, tarehe nimeiandika ukutani. Mpaka siku hiyo haendi matembezini. Binti anambeba ndani ya kapu la ukili hadi getini kila jioni, wanakaa pale wanatazama barabara: bodaboda, mbuzi, wanafunzi, machinga mwenye spika. Mwanzo alikuwa anajificha chini ya kitenge. Sasa anatoa kichwa.

Kulikuwa na hofu moja. Wiki ya tisa alitapika usiku. Nilikaa naye kwenye sakafu, nimeshika tochi, nikiona yale ya Chuma yanarudi. Nilimpigia mama saa nane usiku, akapokea mlio wa pili. Akaniuliza rangi ya matapishi, akaniambia nimbonye fizi nione kama wekundu unarudi haraka, nimpe maji kidogo kidogo kwa kijiko. Hakukata simu kwa dakika arobaini. Kulipokucha alikuwa mlangoni kwangu na bajaji, pamoja na daktari. Kumbe Kusi alikuwa amemeza kipande cha kamba ya katani, kilitoka chenyewe mchana. Daktari alinitoza, mama alikataa hata nauli.

Binti amenunua daftari lake la kaunta. Kila Jumamosi anampima Kusi kwenye mizani ya stoo, anaandika, anapiga picha ukurasa na kumtumia mama Shangani. Jumamosi hii ni kilo 10.4. Mama alijibu: "Vizuri mjukuu. Safari ijayo andika na siku ya dawa ya minyoo, umesahau."

---

Kusini Damu

Mkuu, huyo mama atapandisha tena lini?

---

Mwana wa Mikindani

Amesema jike apumzike, si kabla ya mwakani. Mbele yako kuna mwalimu wa Nanyamba na mzee mmoja wa Mikindani. Nimempigia leo nikamwambia kuna mtu wa Tandahimba. Ameuliza kama una uzio, na kama una mbwa mwingine aliyechanjwa. Nijibu hayo mawili kwa ujumbe wa faragha, nimfikishie akuandike.